Dhamana si mwisho wa kesi: makomisioneri wa safari, kutoka Lugufu mpaka Baraka

Mama mmoja, mwanachama wetu wa hapa Baraka, alikuja kuniambia ameacha kufuata kesi yake. Alikuwa amelipa komisioneri pesa ya shamba na ya cherehani, ili kijana wake apelekwe Nyarugusu na toka pale Amerika. Kijana alivuka ziwa, akakaa miezi, akarudi mikono mitupu. Mama akashitaki. Lakini kabla hata polisi hawajamtafuta yule mtu, ndugu yake alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ndani ya plastiki, imeandikwa Kingereza, na muhuri wa korti ya Nairobi. Akasema: huyu ana dhamana ya kabla ya kukamatwa, hakuna polisi anaweza kumugusa. Watu wawili waliokuwa wameshitaki pamoja na mama wakajitoa.

Mtu huyo alikamatwa hata hivyo. Halafu majuma machache yakapita, na siku ya soko mama akamuona amesimama ufukweni ananunua ndagala kama mutu hana neno. "Mwanangu, balishauzisha kesi yangu," aliniambia. "Njo imeisha. Siendi tena kule."

Nimeandika makala hii kwa sababu yake, na kwa sababu wafadhili wetu wawili waliniuliza swali moja: kwa nini wanachama wanashitaki wengi, halafu wanaofika mpaka hukumu ni wachache? Sehemu ya jibu ni rushwa, tusifichane. Lakini sehemu nyingine ni kwamba hatujui dhamana ni kitu gani, imetoka wapi, na hapa kwetu inafanya kazi namna gani.

Tuanze na ile karatasi. Dhamana ya kabla ya kukamatwa ni kitu cha kweli, ila si cha Congo. India ndiyo iliyoiandika wazi ndani ya sheria. Mwaka 1969 tume yao ya sheria ilitoa ripoti yake ya 41, ikaeleza kwamba watu wenye nguvu wanawasingizia wapinzani wao makosa ili walale gerezani hata siku chache tu, waaibike. Bunge likakubali: sheria ya mashitaka ya 1973, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1974, ikaweka kifungu cha 438. Mtu mwenye sababu ya kuamini kwamba atakamatwa anaweza kwenda mbele ya mahakama kuu kuomba amri kwamba, siku akikamatwa, aachiliwe kwa dhamana. Jimbo la Uttar Pradesh lilikifuta kifungu hicho mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, na halikukirudisha mpaka 2019. Hiyo peke yake inaonyesha ni nani anayeogopa kifungu cha namna hii: mara nyingi ni serikali yenyewe.

Kwa hiyo ilizaliwa kumlinda asiye na kosa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Gurbaksh Singh Sibbia, ilisema hofu peke yake haitoshi, lazima kuwe na sababu. Ikasema pia kwamba amri hiyo haiwezi kutolewa kwa jumla, ikafunika makosa yote ambayo mtu ameyafanya ama atayafanya. Lakini chombo kikishakuwepo, kila mtu anakitumia. India ina sheria ya uhamiaji ya 1983 inayokataza mtu kusafirisha wafanyakazi nje bila kuandikishwa, na hata hivyo jimbo la Punjab limejaa mawakala wa safari za njia ya panya. Tarehe 5 Februari 2025 ndege ya jeshi la Marekani ilitua Amritsar na Wahindi 104 waliofukuzwa. Wengi walikuwa wamelipa mawakala, familia zimeuza ardhi. Polisi ya Punjab ikafungua kesi juu ya mawakala. Pale wakala akisikia tu jina lake limetajwa polisi, mwanasheria wake anakimbilia mahakama kuu kuomba dhamana kabla. Jaji anapima: je, huyu atatoroka? Je, polisi wanamhitaji ndani ili waonyeshwe pesa ilipokwenda na nani wengine wako kwenye mtandao? Ni maswali yale yale mama wetu angetaka yaulizwe.

Kenya haikuandika kitu hicho ndani ya sheria ya bunge. Majaji ndio walioileta, na kesi inayotajwa sana ni ya W'Njuguna, iliyotolewa uamuzi mwaka 2004. Mlango waliofungua ni mwembamba: mwombaji aonyeshe kwamba chombo cha serikali kinamvunjia haki zake kwa uzito. Tangu katiba ya 2010 wanaiegemeza juu ya haki zilizoandikwa mle. Basi karatasi ya Nairobi, hata ingekuwa ya kweli, inaifunga polisi ya Kenya. Parke ya Congo haifungwi nayo. Mimi sikuweza kujua kama ile ya ndani ya plastiki ilikuwa ya kweli ama ya kuchapishwa kwa duka la fotokopi, na kwa kesi ya mama haikuwa na maana. Kazi yake ilikuwa kutisha watu, na iliifanya vizuri.

Sasa turudi nyumbani. Komisioneri wa namna hii hakuanguka toka mbinguni. Nilikuwa mtoto wa miaka sita tulipovuka ziwa, vita ya 1996. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule, Lugufu mwaka 1997. Pale kambini neno kesi lilikuwa neno tamu. "Fulani ana kesi" maana yake faili lake liko HCR, siku moja jina lake litabandikwa kwenye ubao na atapanda ndege. Watu walipangusa vumbi kwenye ule ubao kwa mikono. Na pale penye ubao, palikuwa pia mtu anayesema anajua nani anaandika majina.

Kwamba inawezekana, tulikuja kusikia kutoka Nairobi. Mwaka 2000 wachunguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walianza kuichunguza ofisi ya HCR kule, mwaka 2001 watu wakakamatwa, wakiwemo wafanyakazi wa ofisi, na mwanzoni mwa 2002 ripoti ikatangazwa. Ulikuwa mtandao, wa ndani na wa nje, uliouza kwa maelfu ya dola nafasi ambazo ni za bure, za kwenda Marekani, Kanada, Ulaya na Australia. Wakubwa walioanza kuuliza, hata balozi wa Marekani, walitishiwa kuuawa. Na wakati ofisi inasafishwa, mafaili ya watu ambao hawakulipa hata senti nayo yalisimama. Wakimbizi wenyewe waliilipa hasara mara mbili.

Sisi tulirudi. Safari za hiari kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza mwezi wa kumi 2005, wengi wakija na meli ya MV Mwongozo, magodoro na kuku juu ya sitaha. Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Nyarugusu ikabaki. Na mwaka 2015 HCR ikatangaza mpango mkubwa wa kuhamisha kutoka pale Wacongomani zaidi ya 30,000, wengi wao kwenda Marekani. Habari ilivuka ziwa haraka kuliko mtumbwi. Waliorudi wakaanza kujiuliza kama walikosea kurudi. Hapo ndipo komisioneri wa Baraka alipopata soko lake.

Biashara yake naijua kwa kusikiliza wanachama zaidi ya ishirini. Aliyerudi Congo hawezi tena kuhamishwa kama mkimbizi, maana mkimbizi ni yule aliye nje ya nchi yake. Kwa hiyo anakuvusha mpaka Kibirizi, anakupeleka kambini, anakuuzia jina: la mtoto aliyekufa, la mke aliyeondoka, mtu ambaye bado amehesabiwa kwenye karatasi ya familia fulani. Unajifunza hilo jina usiku. Ukishindwa kwenye mahojiano, ni wewe uliyesema uongo. Na hii ndiyo kufuli yake halisi, kuliko karatasi yoyote ya korti: wengi hawashitaki kwa sababu wanaogopa kueleza walichokubali. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, ningedhani soko lingekufa. Wapi! Sasa anasema mlango ukifunguliwa wa kwanza ndio watakaoingia, lipa mapema.

Sheria yetu inamngojea namna gani? Kitabu cha makosa ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Kifungu cha 98 kinaadhibu utapeli, eskrokeri, kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka mitano, pamoja na amande. Utaratibu wa mashitaka ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, Mbelgiji akiwa amebakiza miezi kumi na moja tu hapa. Ndani yake hakuna dhamana kabla ya kukamatwa. Anayeogopa kukamatwa hana mlango wa kwenda kugonga mapema. Anaweza kuitika mwito wa parke na kurudi nyumbani ikiwa hakuna sababu ya kumshika, basi.

Lakini usifikiri kwamba sheria hiyo inapenda gereza. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni na kufungwa kabla ya hukumu ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinasema kasho ya polisi isipite saa 48. Baada ya hapo, mwendesha mashitaka anaweza kumshika mtu kwa muda, akiwa na dalili nzito na kosa likiwa la kifungo cha miezi sita ama zaidi, kisha ampeleke mbele ya jaji ndani ya siku tano. Kama jaji hayuko fasi ile ile, inaongezwa siku za safari. Aliyeandika hayo mwaka 1959 alifikiri safari ina mwisho. Sisi wa Fizi tunajua njia ya Uvira wakati wa mvua, tunajua vizuizi, na sasa vita. Siku za safari zinaweza kuwa mwezi. Hapo pande zote mbili zinaumia: mtu asiye na kosa anaoza ndani bila kumuona jaji, na mwenye kosa anapata kisababu cha kuachiliwa kimyakimya.

Jaji akithibitisha, anamweka ndani siku kumi na tano, kisha mwezi kwa mwezi. Na mshitakiwa ana haki ya kuomba liberte provizwari kwa kuweka kosio, pesa ya dhamana, kwa mwandishi wa korti. Ndicho alichokipata komisioneri wa mama. Nilikwenda kuuliza, faili nikaoneshwa: amri ya jaji ilikuwepo, risiti ilikuwepo. Hakuna aliyeuza kesi. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyemweleza mama, na yeye aliihesabu ile pesa ya kosio kuwa ni pesa yake inayolala pale. Siyo. Kosio inamlinda mtu asikimbie, inahakikisha atakuja akiitwa na atatumikia adhabu. Haimlipi aliyeibiwa hata franka moja. Ili kurudishiwa chake, mama lazima ajiweke ndani ya kesi kama upande wa madai, parti sivili, mbele ya jaji yule yule anayesikiliza kosa. Hakuwa amefanya hivyo. Na mimi niliyemsindikiza mara ya kwanza kwenda kushitaki sikumwambia. Nilijua kuandika mashitaka, nikafikiri inatosha.

Kuna jambo jingine ndani ya dekreti ile ya zamani ambalo wanachama wachache wanalijua. Jaji akimpa mtu uhuru wa muda, anaweza kumwekea masharti: akae mji fulani, asitoke nje ya umbali fulani bila ruhusa, ajitokeze kila baada ya siku kadhaa, na asikanyage fasi zilizotajwa, kama vile stesheni au bandari. Bandari! Kwa mtu ambaye kazi yake yote inapita juu ya maji, sharti hilo moja linaweza kuwa zito kuliko kosio. Katika amri niliyoisoma halikuwepo. Inawezekana hakuna aliyemkumbusha jaji. Aliyeibiwa akiwa na avoka, ama hata barua ya chama inayoeleza namna mtu huyu anavyofanya kazi, jaji angekuwa na kitu mkononi.

Wazee wanakumbuka Februari 2011, korti ya kijeshi ilipokuja kukaa hapa Baraka na kumhukumu luteni kanali miaka 20 kwa ubakaji wa Fizi wa siku ya mwaka mpya. Watu walisimama juani siku nyingi kusikiliza. Ile ilikuwa korti nyingine na uovu mwingine kabisa, siulinganishi. Naikumbusha kwa sababu moja: wanawake wale walirudi kila siku, hata walipoogopa, na majaji waliona kwamba wanarudi.

Nimemweleza mama haya yote, kwenye veranda yake, mara mbili. Ya pili aliniuliza kama kile kijana chake, aliyejifunza jina la mtu mwingine usiku, atashikwa naye akisema ukweli. Nilimjibu kwamba avoka wa chama ataongea naye kwanza, peke yao, kabla ya kuandika kitu. Akanyamaza kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na risiti tatu alizoandikiwa na komisioneri kwa mkono wake, amezifunga ndani ya kitenge, akasema: "Basi andika hiyo ya parti sivili. Na ile ya bandari, usiisahau."