Songea Katika Majalada: Kutafuta Habari za Majimaji

Mtafiti anayefuatilia vita vya Majimaji (1905–1907) dhidi ya utawala wa Wajerumani katika nchi ya Wangoni hukutana kwanza na mpangilio uliobuniwa na watawala kwa mahitaji yao wenyewe. Majalada ya Kijerumani, yaliyohifadhiwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa na kutambulishwa kwa herufi G na namba, hufuata asili, yaani hupangwa kwa kadiri ya ofisi iliyoyatunga, si kwa dhana zilizomo. Waingereza nao walianzisha vitabu vya wilaya, ambamo maofisa walijaza habari chini ya vichwa vilivyokwisha kuwekwa, vikiwamo historia ya kabila, mila na desturi. Kabila likiwa ndilo mlango, habari za dawa ya maji, iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi na iliyowafikia Wamatumbi, Wangindo na Wangoni pia, hutawanyika. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikusanya masimulizi ya wazee, wakifanya vita vyenyewe kuwa mada. Hatua hiyo, pengine kuliko orodha yoyote ya majalada, ndiyo iliyokusanya kilichotawanywa.

Jina la Songea lenyewe ni mtego, kwa kuwa ni mji, ni wilaya, na ni nduna, yaani kiongozi wa vita wa Wangoni, Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Faharasa ya dhana, ambayo humpa kila mtu, mahali na tukio ingizo lake na kuonyesha uhusiano wake na mengine, humtenga nduna na mji, kisha humwunganisha na Nkosi, yaani mtawala wa Wangoni, Mputa Gama, aliyenyongwa mwaka huohuo.