Maziwa ya ngamia yana kinga ya viini, lakini si sababu ya kuyanywa mabichi

MJI wa Elwak, kusini mwa Kaunti ya Mandera, ulipata jina lake kutokana na maji, kwani hufasiriwa kuwa Visima vya Mungu. Hata hivyo, kwa wafugaji wanaofika visimani hapo, kinachowaweka hai kiangazi kinapokaza ni maziwa ya ngamia, mnyama anayeendelea kukamuliwa wakati ng'ombe wamekwisha kukauka. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4.6 nchini Kenya, wengi wao wakiwa katika kaunti kame za kaskazini.

Wengi huyanywa maziwa hayo mabichi, wakisema kuwa ni dawa na kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo si rahisi kuipinga.

Mwili wa mnyama hujikinga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kingamwili, ambazo huhitaji siku kadhaa ili kuundwa dhidi ya kiini kigeni. Ya pili haingoji. Ngozi, utumbo, machozi, mate na chembe nyeupe za damu huwa na peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, vinavyoua bakteria na kuvu papo hapo. Nyingi hazizidi asidi za amino 50.

Wadudu hawana kingamwili kabisa, lakini huishi katikati ya uchafu. Mwaka wa 1981, kundi la watafiti wa Uswidi lililoongozwa na Hans Boman lilieleza peptidi zilizopatikana katika damu ya nondo, zikaitwa sekropini. Miaka sita baadaye, Michael Zasloff wa Marekani alishangazwa na vyura wa Afrika aliowapasua na kuwarudisha katika maji machafu, kwani vidonda vyao vilipona bila kuoza. Katika ngozi yao alipata peptidi za asidi za amino 23, akaziita magainini. Binadamu naye ana zake, zikiwemo difensini.

Peptidi hizi hufanya kazi kwa namna ya kuvutia. Nyingi zina chaji chanya ya umeme, ilhali utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Hivyo peptidi huvutwa, hunata, kisha hutoboa utando huo hadi yaliyomo ndani yavuje. Chembe za mnyama mwenyewe huepuka kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa uso wa utando wake hauna chaji hasi nyingi na umeimarishwa kwa kolesteroli.

Maziwa yamo katika ulinzi huu. Ya ngamia yana lisozimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria na ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka wa 1922. Yana pia laktoferini, protini kubwa inayoshika madini ya chuma na kuwanyima bakteria chakula hicho. Kimeng'enya cha tumboni kikiikata laktoferini, hutoka kipande kidogo kiitwacho laktoferisini, ambacho huua viini vingi kuliko protini yenyewe. Hilo lilibainishwa katika maziwa ya ng'ombe na watafiti wa Japani mapema miaka ya 1990. Dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndiyo yenye wingi wa laktoferini, na mlengwa wake ni nirigi, mtoto wa ngamia, anayezaliwa bila kinga ya kutosha.

Tatizo ni kwamba bakteria wa Brusela, wanaosababisha bruselosisi, wana utando wa nje ambao peptidi za aina hii hushindwa kuutoboa. Zaidi ya hayo, hujificha na kuzaana ndani ya chembe nyeupe za damu, humo humo mwenye silaha alimo. Ngamia aliyeambukizwa huweza kuwatoa kupitia maziwa akionekana mzima. Mtu anayeyanywa hupatwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, dalili ambazo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Tiba yake ya kawaida ni dawa mbili za kuua bakteria kwa muda wa wiki sita, safari ndefu kwa mfugaji anayehamahama. Kuyafukiza vyombo moshi au kuyaacha maziwa yachache hakutoshi kuondoa hatari hiyo.

Wanaotarajia peptidi hizi zichukue nafasi ya dawa zilizozoewa na viini wamesubiri sana. Krimu ya vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari, iliyotokana na magainini, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka wa 1999. Peptidi huvunjwa haraka mwilini, hugharimu kuzitengeneza, na baadhi ya bakteria hubadilisha chaji ya utando wao ili kuzikwepa.

Ni kweli kwamba moto hupunguza nguvu ya laktoferini. Lakini mtu mzima hanywi maziwa ili apate kinga ya nirigi. Hunywa apate chakula, na protini, mafuta na madini hubaki baada ya kuchemsha. Joto la nyuzi 63 kwa dakika 30 huua Brusela. Asiye na kipimajoto ayaache yatokote.