Toka ngozi ya mbuzi hadi bidoni: historia ya vitu vya kuelea

LUSHEBERE, Masisi – Mkaaji wa Lushebere anaweza kumaliza miaka mingi bila kuingia katika maji marefu. Hapa ni vilima, mashamba na ng'ombe. Ziwa Kivu liko kule chini, Sake. Lakini tangu Februari 2024, vita vilipokata barabara ya Sake–Minova, wasafiri wengi wa Minova na Goma walilazimika kupanda boti. Kati yao wamo wazee waliojua kuogelea utotoni, lakini mwili umekwisha kusahau.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Makumi ya watu walikufa. Swali la zamani likarudi: mtu mzima anayerudi majini ategemee mikono yake ao kitu cha kuelea?

Swali hilo lina umri wa miaka karibu 2900. Katika jumba la mfalme Ashurnasirpal wa Pili, kule Nimrud, nchi ya Iraki ya leo, kuta zilichongwa watu wakivuka mto: wengine wamekumbatia ngozi za wanyama zilizojazwa pumzi, wengine wanapiga mikono tu. Warumi walifundisha watoto kwa magome mepesi ya mti, na kuogelea bila gome kwao kulikuwa mfano wa mtu aliyekomaa.

Mwaka 1854, Kapteni Ward wa Uingereza alitengeneza koti la magome hayo kwa ajili ya waokoaji. Februari 1861, boti ya waokoaji ilipinduka Whitby. Kati ya watu 13, alipona mmoja tu, Henry Freeman. Ndiye peke yake aliyevaa koti hilo jipya.

Bidoni nayo ina historia yake. Ile ya chuma ya litri 20 ilibuniwa na jeshi la Ujerumani kabla ya vita vya 1939. Leo ya plastiki inachota maji kila kijiji, na kule Nungwi, Zanzibar, wasichana wa mradi wa Panje wamejifunza kuogelea wakishikilia mitungi mitupu ya aina hiyo.

Inafaa kwa sababu kichwa cha mtu mzima kinahitaji msaada wa kilo 3 hadi 6 tu ili kibaki juu ya maji. Bidoni tupu ya litri 20 inabeba zaidi, mradi kifuniko kimekazwa. Kikilegea, inajaa maji na haibebi tena.

Hatari kwa mzee ni kuizoea. Bidoni inaficha miguu inayozama na pumzi fupi. Siku inapomponyoka, anakuwa mgeni wa maji tena. Kwa hiyo aishike mwanzoni, kisha aiache hatua chache kwa wakati, mahali ambapo miguu inagusa chini, mtu akimwangalia.

Koti la kuokolea ni jambo lingine: haliachwi. Aprili 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria alivae. Freeman alikuwa baharia hodari, na bado alilivaa. Mzee wa Masisi anayeshuka bandarini aulize koti kwanza, kisha bei ya tiketi.