Unataka kusoma udaktari Tanzania? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kuanzia udahili hadi leseni

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wanafunzi wa PCB huwa na swali moja: nitapata MD? Ni swali la maana, ila linaishia mlangoni. Shahada ya udaktari wa binadamu Tanzania ni miaka mitano, kisha kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Anayeanza leo hataruhusiwa kutibu bila msimamizi kabla ya miaka sita, na hapo ni kama hakurudia mwaka wowote.

Ndani ya miaka hiyo, wanaokwama mara nyingi hawakwami pale walipopaogopa. Mwenye alama nzuri anaweza kupoteza nafasi kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu. Aliyekuwa kinara wa darasa anaweza kubabaika mbele ya bibi aliyelazwa wodini na anayejibu kila swali kwa neno moja: "Naumwa."

Pointi 6 ni sakafu tu

Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unamtaka mwombaji wa kidato cha sita awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na jumla isipungue pointi 6. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye A ya Kemia na A ya Baiolojia lakini akapata S kwenye Fizikia hana sifa, hata kama jumla yake inapendeza. S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili.

Lakini hizo 6 ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, chuo huanza kuchukua kutoka juu, na katika vyuo vinavyokimbiliwa mwenye pointi 6 huwa ameshapitwa na wengi. Ndiyo maana mwombaji mwenye alama za wastani akijaza chuo kimoja tu kikubwa anacheza bahati nasibu.

Mlango wa pili ni wa stashahada. Aliyesoma utabibu akamaliza na wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba MD, mradi kidato cha nne awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Njia hii ni ndefu na ina watu wanaoidharau, bila sababu. Tabibu aliyefanya kazi zahanati miaka mitatu anafika wodini akiwa ameshaona malaria kali, uzazi uliokwama na mtoto aliyeishiwa maji, wakati wenzake wa kidato cha sita bado wanajifunza kushika kipima mapigo.

Zamani maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kwa awamu. Akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Hapa ndipo kosa la kijinga linapotokea: laini aliyojazia fomu ni ya mjomba, au imezimwa, au kijana yuko kambini JKT na simu iko nyumbani. Muda ukipita, nafasi inapita. Laini ya maombi inapaswa kuwa ya mwombaji mwenyewe, au ya mtu wa nyumbani anayejua kabisa ujumbe gani anausubiri.

Mkopo nao una mtego wake. Bodi ya Mikopo (HESLB) inahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar. Ikiwa jina la cheti halilingani na la cheti cha kidato cha nne, kuna wiki kadhaa za kuzunguka ofisini, hivyo ni kazi ya kuimaliza kabla matokeo hayajatoka. Na mkopo si lazima ufunike ada yote. Kwa anayekwenda chuo binafsi, familia ikae chini mapema na kupiga hesabu ya tofauti inayobaki, mara tano, kwa sababu ni miaka mitano. Waliofaulu zaidi katika masomo ya sayansi wana dirisha jingine: ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

Uliza hospitali kabla ya kuuliza jina la chuo

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wake Dar es Salaam mwaka 1963. Shule ile ndiyo iliyokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) mwaka 2007. Kabla ya hapo, kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alielekea Makerere, Uganda. Leo kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara, SUZA kwa upande wa Zanzibar, na vyuo binafsi vya Dar es Salaam.

Swali la kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano ni hili: mnafundishwa katika hospitali gani, na mkizunguka wodini mnakuwa wangapi kwenye kitanda kimoja? Muhimbili ina majirani wa kipekee kama Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hivyo magonjwa adimu hayapiti mbali. Bugando hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote. Hospitali ndogo ina kesi chache za ajabu, lakini mwanafunzi anaweza kumsogelea mgonjwa na bingwa akamjua kwa jina. Udaktari hujifunzwa kwa mikono, na aliyesimama mstari wa nyuma raundi nzima hakujifunza chochote siku hiyo zaidi ya kuvumilia kusimama.

Miaka ya vitabu

Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, baiokemia na ndugu zao. Kinachowashtua wengi si maiti ya chumba cha anatomia. Hiyo huzoeleka ndani ya wiki chache. Ni wingi wa mambo. Aliyezoea kukariri usiku wa kuamkia mtihani na kupata A hugundua kwamba mishipa ya mkono peke yake inamaliza usiku huo. Sapu ya kwanza huja kama msiba. Kwa kweli sapu moja haimalizi safari ya mtu, na wapo mabingwa wazuri waliowahi kuzifanya. Hatari ni kuificha, kukaa bila kuomba msaada, kisha kudisko mwaka wa pili huku nyumbani wanajua mtoto wao anaendelea vizuri.

Vikundi vidogo vya kusoma, vya watu wanne au watano wanaoulizana maswali kwa sauti, huwafaa wengi kuliko kujifungia peke yao. Mtihani wa wodini utakuwa wa kusema, na anayesubiri mwaka wa tano ndipo aanze kusema amechelewa.

Wodini, Kiswahili ndicho kifaa cha kwanza

Kuanzia mwaka wa tatu, kwa vyuo vingi, koti jeupe linaanza kazi. Mwanafunzi anapewa kitanda. Anachukua historia ya mgonjwa, anampima, kisha asubuhi anaieleza kesi mbele ya daktari bingwa. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, faili ni la Kiingereza, raundi ni ya Kiingereza. Mgonjwa ni wa Kiswahili, au Kisukuma, au Kichaga. Kati ya lugha hizo ndipo ugonjwa unapopotea.

Mgonjwa anasema maumivu yako "chembe ya moyo." Mwanafunzi anasikia moyo, anaanza kuwaza mshtuko wa moyo. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole: ni pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua, mahali ambapo vidonda vya tumbo huuma. Wakati mwingine, hata hivyo, moyo wenyewe huumia ukijificha pale pale, kwa hiyo kidole hakimalizi maswali. Akisema "mguu unauma", mguu wa Kiswahili unaanzia nyonga na kuishia kwenye vidole. "Mkono" vilevile. "Kiuno" mara nyingi ni mgongo wa chini. "Kichomi" kwa mmoja ni maumivu ya ubavu, kwa mwingine ni nimonia aliyoambiwa miaka kumi iliyopita. "Chango" inaweza kuwa tumbo la hedhi, au tumbo lolote linalosokota. Dawa ya haya yote ni moja na haina gharama: mwombe mgonjwa aonyeshe kwa mkono wake.

Saa nazo zinadanganya. Mama anaposema mtoto alianza kutapika saa nne usiku, kwenye faili ni 22:00. Mwanafunzi aliyechoka akiandika 04:00, mtoto huyo amepunguziwa saa sita za ugonjwa, na kwa mtoto anayetapika na kuharisha saa sita ni nyingi sana.

Kisha kuna "degedege". Kwa daktari ni mtoto aliyekakamaa na kutikisika, na jambo la haraka ni kupima sukari, kupima malaria na kuangalia kama uti wa mgongo umeambukizwa. Kwa baadhi ya familia ni jambo lisilo la hospitali, na huenda mtoto ameshapitishwa kwa mganga kabla ya kufika. Mwanafunzi anayemfokea mama kwa hilo hatapata historia ya kweli. Atakayeuliza kwa utulivu, "Mama, kabla ya kuja hapa alipewa dawa gani nyingine?", ataambiwa.

Heshima nayo ni sehemu ya upimaji. Kijana wa miaka 22 hamuulizi mzee wa miaka 70 habari za haja kubwa kabla ya "shikamoo", kabla ya kuvuta pazia, na kabla ya kumwomba mkwe aliyesimama pembeni asubiri nje kidogo. Wanafunzi wengi huona hayo ni upotezaji wa muda. Mzee akishafunga mdomo, vipimo vya gharama ndivyo vitakavyojaribu kumsemea.

Mwisho wa kila mzunguko kuna mtihani wa kitandani. Mtahini, wakati mwingine aliyetoka chuo kingine, anatazama mikono: ulinawa? Ulijitambulisha? Ulimfunika mgonjwa ulipomaliza? Kuna wanaojua kila kitu cha kitabu wakafeli hapa, kwa sababu waliwapima wagonjwa watatu muhula mzima na historia nyingine wakanakili kwa wenzao.

Jambo moja halipaswi kusubiri mwaka wa tatu: chanjo ya homa ya ini B, ambayo kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Na ajali ya sindano ikitokea, hakuna kuona aibu. Jeraha linaoshwa kwa maji na sabuni, anaambiwa msimamizi palepale, na dawa za kuzuia VVU zinaanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa siku 28. Anayekaa kimya kwa kuogopa kuonekana mzembe anachezea maisha yake.

Mwaka wa utarajali

Cheti cha MD si leseni. Mhitimu hupata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika (Zanzibar ina baraza lake), kisha anapangiwa hospitali kuwa mtarajali kwa miezi 12. Anazunguka idara kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, pamoja na nyingine zinazotakiwa. Kila idara lazima isainiwe. Kitabu cha rekodi kikipotea, au bingwa akihama kabla ya kusaini, mwaka unarefuka.

Huu ndio mwaka wa zamu za usiku, na ndio mwaka ambao mtu anaacha kuwa mwanafunzi. Saa tisa usiku damu ya mzazi haikomi na simu ya kwanza ni yake. Mtarajali mzuri si yule asiyeogopa. Ni yule anayempigia mkubwa wake mapema, hata kama atafokewa kwa kumwamsha.

Posho ipo, lakini si ya kupangia maisha kana kwamba itaingia tarehe ileile kila mwezi. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulianza na madai ya posho za watarajali wa Muhimbili. Mwenye akiba ya kodi ya miezi miwili anaanza mwaka huu akiwa na kichwa kilichotulia.

Utarajali ukiisha na masharti ya baraza yakitimizwa, ndipo unakuja usajili kamili na leseni, ambayo huhuishwa kwa kuonyesha pia kwamba daktari ameendelea kujifunza. Ajira ni habari nyingine: hakuna sheria inayomhakikishia mhitimu nafasi serikalini, na wapo wanaosubiri mwaka na zaidi wakifanya kazi za muda katika hospitali binafsi. Anayetaka ubingwa atarudi chuoni kwa MMed ya miaka mitatu au minne.

Kwa wanaofikiria China, India, Urusi au kwingine, hesabu inabadilika kidogo. Chuo kiwe kinatambuliwa na TCU kabla ya kulipa hata shilingi ya wakala, na shahada hutathminiwa na tume hiyo hiyo mhitimu anaporudi. Baraza nalo huwa na mtihani wake kwa waliosoma nje kabla hawajaanza utarajali. Wanaoupata mgumu zaidi ni wale ambao chuo chao kiliwaweka wodini kutazama tu, kwa sababu hawakuwa na lugha ya kuongea na wagonjwa wa nchi ile.