Lile Sikio Lilitudanganya

Ile picha ya panya mwenye sikio mgongoni mmeiona, si ndiyo? Ni ya Marekani, miaka ya 1990. Seli za gegedu la ng'ombe zilipandwa kwenye kiunzi cha plastiki inayoyeyuka mwilini, watu wakadhani figo ni kesho tu. Wapi! Gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio, halina mishipa ya damu, ndiyo maana lilikubali haraka. Figo bila damu inakufa.

Mimi nasema story kali ni ya Chuo Kikuu cha Rochester, 2011. Diane Dalecki, Denise Hocking na wenzao walichanganya seli za mishipa kwenye jeli ya kolajeni, wakaipitishia mawimbi ya ultrasaundi. Seli zikajipanga laini, zikachipuza vimishipa. Sauti tu, manze! Na hakuna aliyeitengenezea meme.