Ghazali na Kiti cha Baghdad



Ramadhani hii tunaacha chakula na maji toka alfajiri hadi magharibi. Lakini kuna kitu kigumu zaidi kukiacha, nacho ni nafsi inayopenda kuonekana. Hebu tumtazame mtu aliyepambana nayo.

Imam Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Iran ya leo, mwaka 1058. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, na wanafunzi 300 mbele yake! Kijana gani asingekitamani cheo hicho?

Lakini mwenyewe anasimulia katika al-Munqidh min al-Dalal kwamba alipoichunguza nia yake, aliona hasomeshi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali anatafuta jaha na sifa. Akataka kuondoka. Leo anaazimia, kesho anaghairi. Akawa hivyo karibu miezi sita, kuanzia Rajab 488 Hijria (1095). Mwisho ulimi ukafunga. Anataka kusomesha, neno halitoki. Chakula nacho hakishuki. Matabibu wakakata tamaa.

Hapo ndipo alipomkimbilia Mola wake kama mtu asiye na hila tena, na kukiacha kile cheo kukawa kwepesi moyoni. Akagawa mali, akabakisha ya kuwatosha yeye na watoto, akashika njia ya Sham. Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti, akijifungia mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Maqdis, halafu Hijja.

Sasa usije ukadhani dini yakutaka uache masomo au kazi. La! Mwaka 1106 Ghazali alirudi kusomesha, huko Nishapur. Kazi ni ile ile, nia ndiyo iliyobadilika. Alifariki Tus mwaka 1111.

Je, wewe na mimi? Futari tunayompa maskini, mbona lazima ipigwe picha? Tukinyimwa kipaza sauti kwenye mhadhara, mbona twanuna? Saumu yatufunza dawa yake. Ukinywa maji kwa siri chumbani, nani atakuona? Na bado hunywi. Basi ikhlasi hiyo hiyo itie katika sala, masomo na kazi zako, na matokeo mwachie Mwenyezi Mungu.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.