Vikopo Vilivyovimba

Fundi mzoefu akiletewa kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2003 au 2004, hakimbilii kuiwasha. Anafungua kasha, anapuliza vumbi, kisha anamulika tochi kando ya prosesa. Hapo zimejipanga kapasita, vikopo vya alumini visivyozidi urefu wa pingili ya kidole, kila kimoja kimechanjwa utosini alama mfano wa K au X. Utosi ukiwa bapa, anaendelea kutafuta. Ukiwa umetuna, au umetokwa na ute wa kahawia uliokauka, mchawi ameonekana.

Mazoea hayo yalizaliwa na janga.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta sehemu nyingi za dunia zilianza kuganda bila sababu ya kueleweka. Mshale wa kipanya ulisimama katikati ya barua, skrini ikageuka bluu, au mashine ikajizima na kuwaka yenyewe. Leo mara moja, kesho salama, keshokutwa mara tatu. Wenye kompyuta walishuku virusi. Walifuta kila kitu, wakaweka Windows upya, wakanunua RAM mpya. Mashine ilitulia siku mbili tatu, kisha ikarudia yale yale.

Ubovu ulikuwa ndani ya vile vikopo. Pawasaplai hutoa umeme wa volti 12, lakini prosesa za enzi hiyo zilihitaji takriban volti 1.5 tu, tena zisizoyumba. Mazabodi ndiyo inayoushusha umeme huo, na kapasita ndizo zinazoutuliza. Ndani ya kila kapasita mna utepe wa alumini uliokunjwa na kuloweshwa kimiminika kiitwacho elektroliti. Watengenezaji kadhaa walitumia elektroliti yenye maji mengi na kinga hafifu dhidi ya kutu. Maji yakaila alumini, gesi ya haidrojeni ikajaa, kikopo kikavimba. Ile alama ya utosini ni mlango wa dharura: hapo bati limepunguzwa unene ili gesi ipate pa kutokea.

Kapasita iliyochoka haifi mara moja. Hulegea kidogo kidogo, na prosesa inapofanya kazi nzito umeme huyumba, hesabu zikavurugika, mashine ikaganda. Baridi nayo huipunguzia nguvu. Ndiyo maana kompyuta nyingine ziligoma kuwaka asubuhi, zikakubali baada ya kujaribiwa mara kadhaa na kupata joto.

Februari 2003 jarida la wahandisi IEEE Spectrum liliandika habari hizo. Kulikuwa na simulizi kwamba kanuni ya kutengeneza elektroliti iliibwa kutoka kampuni ya Kijapani na kunakiliwa nusu nusu huko Taiwan. Simulizi hiyo ilienea sana, ila haikuwahi kuthibitishwa. Wala haikutosha kueleza kila kitu, kwa kuwa kapasita za Nichicon, kampuni ya Japani yenyewe, nazo zilivimba.

Hizo za Nichicon ndizo zilizoitia matatani Dell, kampuni ya kompyuta. Nyaraka za kesi dhidi ya Dell zilizowekwa wazi mwaka 2010 zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kampuni hiyo ilisafirisha kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kuharibika kwa sababu hiyo. Mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 za kugharamia marekebisho. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika kwamba kompyuta zake zinakufa, Dell ilijibu kwamba zilichoshwa na hesabu ngumu. Kompyuta iliyonunuliwa ipige hesabu ikasemwa imeuawa na hesabu! Kumbe jibu lilikuwa limevimba wazi wazi kwenye mazabodi, likimsubiri mtu wa kufungua kasha.

Baadaye watengenezaji wa mazabodi walihamia kapasita za polima kavu, zisizo na kimiminika cha kuchemka wala kuvuja. Utosi wake ni laini, hauna mchanjo wowote. Lakini pawasaplai nyingi hadi leo bado zina zile za majimaji, zimebanana karibu na feni, kwenye joto. Kwa hiyo kompyuta ya mezani ikianza kuganda bila mpangilio na mazabodi ikaonekana salama, tochi ya fundi huhamia huko.